Mtoto Asiyekula Nyama: Sahani Yake Ijazwe Nini?

Kwaresima inapokaribia, wazazi huuliza katika jumuiya ndogo ndogo: je, watoto nao wajinyime nyama? Jibu la sheria ni fupi. Kanuni ya 1252 ya Sheria ya Kanisa inawabana kujinyima nyama wale tu waliotimiza miaka 14. Walio chini ya hapo wafundishwe maana ya toba, lakini sheria yenyewe haiwashiki. Hata Mtakatifu Benedikto, ambaye wanawe wana misheni Sakharani, jirani na Soni, aliweka katika Kanuni yake sura ya 37 kwa ajili ya wazee na watoto, ili ukali wa chakula usiwaelemee.

Hata hivyo, huku milimani wapo watoto wasiokula nyama mwaka mzima. Wengi ni kwa sababu mfuko wa nyumbani hauruhusu. Wengine wamekataa wenyewe, pengine baada ya kuona mbuzi waliyemchunga akichinjwa. Huyo wa pili tusimlazimishe kwa fimbo. Mtoto anaweza kukua vizuri bila nyama, mradi tujue kinachokosekana tunapoiondoa.

Kujenga mwili si shida kubwa Lushoto, maana tuna makande. Mahindi na maharage hukamilishana: utomwili unaopungua katika moja hupatikana katika jingine. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe. Hapo madini yake hufyonzwa kwa urahisi zaidi. Kwa mtoto mdogo makande yapondwe, yaongezwe parachichi au karanga zilizosagwa. Tumbo lake ni dogo, na uji mwepesi wa mahindi matupu humshibisha kabla hajapata nguvu ya kutosha.

Madini chuma ndiyo yanayotutia wasiwasi. Yamo katika maharage, mchicha na mnavu, lakini mwili huyachukua kwa shida kuliko yale ya nyama, hata wataalamu wa Marekani wakakadiria kuwa asiyekula nyama anahitaji mara 1.8 ya kiasi cha kawaida. Dawa yake ipo shambani: chungwa, limau, pera au nyanya mbichi katika mlo uleule husaidia sana. Na adui yake tunamchemsha wenyewe kila asubuhi. Chai! Tunajua tunaishi kwenye milima ya chai, na mgeni hapiti bila kikombe, lakini chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini chuma yasifyonzwe. Mtoto mdogo hana haja nayo kabisa.

Karoti na mboga za kijani humpa vitamini A, hasa zikipikwa kwa mafuta kidogo. Chumvi iwe ile yenye madini joto, kwa kuwa mvua imeyaosha madini hayo katika udongo wa milimani.

Kuna kitu kimoja ambacho shamba zima la Lushoto haliwezi kutoa: vitamini B12. Haimo katika maharage, wala mboga, wala matunda. Ikikosekana kwa muda mrefu, huleta upungufu wa damu na kudhuru mishipa ya fahamu. Mama anayenyonyesha naye akiikosa, mtoto huikosa katika maziwa yake. Kwa bahati njema, kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe, kama mililita 250, yaliyochemshwa, kinatosha kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3. Mayai pia yanayo. Ndiyo maana inatusikitisha kuona nyumba yenye ng'ombe bandani ikiuza maziwa yote na mayai yote, kama vile karoti na kabichi zinavyopakiwa kwenye malori ya Dar es Salaam, na mtoto akibaki na ugali na mchuzi. Kikombe cha mtoto kipimwe kwanza, ndipo yauzwe yanayobaki.

Kwa mtoto asiyetumia hata maziwa na mayai, chakula cha nyumbani peke yake hakitoshi. Mzazi amweleze mhudumu wa kliniki waziwazi anachokula na asichokula, ili apewe ushauri wa vyakula vilivyoongezwa virutubisho au vidonge vya B12. Aende mapema, pamoja na kadi ya kliniki, asingoje viganja vya mtoto vianze kupauka.