Usichague Linux kwa Jina

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa zikajikuta njia panda. Windows 11 inazikataa, ama kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0, ama kwa sababu prosesa zake ni za zamani. Fundi akimshauri mwenye kompyuta ya aina hiyo aweke Linux, swali hufuata hapo hapo: ipi? Ubuntu, Mint, Fedora, Debian, openSUSE. Majina ni mengi hadi mgeni anakata tamaa kabla ya kuanza.

Njia rahisi ni kuanza na kile atakachokiona na kukishika kila siku. Chini kabisa ya distro zote hizi, yaani matoleo haya mbalimbali ya Linux, kuna kiini kimoja, kile alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi jijini Helsinki. Mtumiaji hakioni. Anachokiona ni eneo-kazi: upau wenye saa, menyu ya programu, madirisha na namna yanavyofunguka, mahali pa kutafutia faili. Huko ndiko atakakoshinda tangu asubuhi hadi jioni, na huko ndiko distro zinakotofautiana kwa mtu wa kawaida.

Wingi huu wa maeneo-kazi una historia. Mwaka 1996 Mjerumani Matthias Ettrich alianzisha KDE ili Linux iwe na sura moja inayoeleweka. Lakini KDE ilijengwa juu ya maktaba ya programu iitwayo Qt, ambayo leseni yake wakati huo haikuwa huru kamili, na kwa sababu hiyo Miguel de Icaza na Federico Mena wa Mexico wakaanzisha GNOME mwaka 1997. Kisha mwaka 2011 ikatoka GNOME 3, iliyoondoa menyu na upau waliouzoea watu. Torvalds mwenyewe alilalamika hadharani na kuhamia Xfce kwa muda. Wengine waliamua kuuendeleza mfumo wa zamani wa GNOME, ukazaliwa MATE, uliopewa jina la kinywaji cha majani kinachopendwa Argentina. Nao watu wa Linux Mint wakatengeneza Cinnamon.

Kwa anayetoka Windows, Cinnamon ndiyo inayomfaa zaidi. Menyu iko kona ya chini kushoto, saa iko kulia, na mkono unajua pa kwenda bila kufundishwa. KDE Plasma nayo ina mpangilio wa namna hiyo, ila inamruhusu mtu kubadili karibu kila kitu, na anayependa kupangapanga ataifurahia. GNOME, inayokuja na Ubuntu na Fedora Workstation, ina njia yake: ukibonyeza kitufe chenye nembo ya Windows, madirisha yote yanajipunguza na kujipanga mbele yako. Wiki ya kwanza inasumbua. Aliyeizoea haiachi kirahisi.

Kompyuta yenye RAM ya GB 2 au diski ya zamani ya kuzunguka inahitaji eneo-kazi jepesi, yaani Xfce au LXQt, zinazopatikana katika Xubuntu na Lubuntu. Hata hivyo, wepesi huo usikudanganye. Kivinjari chenye kurasa ishirini zilizofunguliwa kitaimeza RAM hiyo hata eneo-kazi lingekuwa jepesi kiasi gani. Jambo jingine: toleo la Ubuntu la huduma ya muda mrefu huhudumiwa miaka 5, lakini Xubuntu na Lubuntu za aina hiyo huhudumiwa miaka 3.

Kujaribu eneo-kazi kabla ya kulisakinisha hakuna gharama kubwa. Faili la Linux Mint lina karibu GB 3, hivyo ni vyema kulipakua penye intaneti isiyohesabu bando, kisha kuliandika kwenye flashi ya GB 8. Chomeka flashi, washa kompyuta huku ukibonyeza F12, au F9 kwa baadhi ya kompyuta, uchague flashi. Baada ya muda mfupi eneo-kazi linafunguka likiwa na ikoni ya kusakinisha, iache kwanza. Unganisha waifai, cheza video usikilize sauti, punguza mwanga wa skrini, fungua waraka uliouandika kwa Word. Kasi usiihukumu hapo, maana flashi ni nzito kuliko diski. Hukumu mkono wako: je, unapata unachokitafuta?

Mint yenyewe hutolewa kwa sura tatu, Cinnamon, MATE na Xfce, na kisakinishi cha Debian humwonyesha mtu orodha achague. Inawezekana pia kuongeza eneo-kazi la pili baadaye, ingawa menyu hujaa programu mbilimbili za kazi ile ile, na kwa mgeni ni vurugu tupu.

Ukishapata inayokukaa vizuri, nakili picha na nyaraka zako zote kwenye diski ya nje, uhakikishe zinafunguka kwenye kompyuta nyingine, ndipo ubofye ile ikoni ya kusakinisha.