Ajali za Ndege Ndogo Huanzia Ardhini

Ndege nyingi duniani si zile za mashirika makubwa zenye ratiba na tiketi. Ni ndege ndogo, aghalabu za injini moja na viti vinne au sita, zinazorushwa na wenyewe kwa shughuli zao, na wanafunzi wa urubani, na wamisionari, na wakulima wakubwa, na watu wanaopenda tu kuwa angani siku ya Jumamosi. Marekani peke yake ina zaidi ya 200,000, na kwa miaka mingi zimekuwa zikipata ajali zaidi ya 1,000 kila mwaka. Afrika Mashariki nazo huonekana katika viwanja kama Wilson jijini Nairobi na Arusha. Ndege za kukodi zinazobeba watalii mara nyingi ni za aina hizo hizo, lakini kisheria huhesabiwa kuwa za biashara na hubanwa na kanuni kali zaidi. Katika ndege ya binafsi hakuna rubani wa pili, hakuna ofisi ya kuchambua hali ya hewa, wala meneja wa kusema leo haturuki. Kazi zote hizo ni za mtu mmoja, na huyo ndiye mwenye haraka ya kufika.

Kanuni za kimataifa za uchunguzi wa ajali za ndege zinatokana na Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga wa mwaka 1944. Kiambatisho cha 13 cha mkataba huo, kilichopitishwa mwaka 1951, kinaweka jambo moja wazi: lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Polisi na mahakama wana kazi yao, na mchunguzi ana yake. Fundi anayeogopa kufungwa hatasema alisahau kukaza nati, na asiposema, nati hiyo itasahauliwa tena kwenye ndege nyingine. Kiambatisho hicho pia kinataka taarifa ya awali itolewe ndani ya siku 30. Marekani kazi hii hufanywa na Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi, NTSB, iliyoanzishwa mwaka 1967 na kuwa huru kabisa mwaka 1975. Kenya na Tanzania zina vitengo vya uchunguzi vilivyo chini ya wizara, nje ya mamlaka zinazotoa leseni. Utengano huo una maana kubwa, kwa sababu kosa linaweza kuwa la aliyetoa leseni.

Ndege ndogo nyingi hazina kisanduku cheusi, hivyo mchunguzi huanza na vyuma. Mapanga ya pangaboi yaliyojisokota na kuchubuka ncha huonyesha kwamba injini ilikuwa ikivuta kwa nguvu wakati wa kishindo. Balbu za taa za tahadhari hutazamwa kwa hadubini: iliyokuwa inawaka, waya wake wa moto hunyumbuka na kurefuka, na iliyokuwa imezimwa, waya hukatika bila kurefuka. Majani yaliyoungua kwa petroli chini ya mabawa husema tangi halikuwa tupu. Kisha hufuata kumbukumbu za rada, sauti za redio, daftari la matengenezo, simu na risiti za mafuta. Mara nyingi injini hukutwa haina kasoro yoyote. Hapo uchunguzi huhama kutoka kwenye chuma na kwenda kwa mtu: alilala saa ngapi, alipewa taarifa gani za hali ya hewa, nani alikuwa akimngoja mwisho wa safari.

Ajali ya Cheyenne, jimbo la Wyoming, Aprili 11, 1996, inaonyesha hatua hizo kwa uwazi wa kuumiza. Msichana wa miaka 7, Jessica Dubroff, alikuwa akivuka Marekani katika jaribio la kuweka rekodi, kwa ndege ya Cessna 177B pamoja na baba yake na mkufunzi wa urubani, ambaye kisheria ndiye aliyekuwa rubani. Safari ilianzia California siku moja kabla, na vyombo vya habari vilikuwa vikiifuatilia kila kituo. Asubuhi ile mvua ya radi ilikuwa inaukaribia uwanja. Mnara wa kuongozea ndege ulimweleza mkufunzi kwamba hali ya hewa imeshuka chini ya kiwango cha kuruka kwa macho. Akaomba kibali maalumu cha kuondoka. Ndege iliruka, ikashindwa kupanda, ikaanguka karibu na uwanja. Wote watatu walifariki.

NTSB haikuishia kwenye neno mvua. Ilipima mizigo ikakuta ndege imezidi uzito ulioruhusiwa kwa zaidi ya kilo 40. Ilisikiliza mawasiliano ya redio na kuhoji walioshuhudia maandalizi, ikaona makosa madogo yanayofuatana: injini iliwashwa huku gurudumu la mbele likiwa bado na kabari, ruhusa ya kuondoka maegeshoni iliombwa kabla ya kuchukua taarifa za hali ya hewa, namba ya masafa ya redio ikarudiwa vibaya. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoiangusha ndege. Yakiwekwa pamoja, yanaonyesha mtu aliyechoka. Hitimisho la bodi lilikuwa kwamba chanzo ni uamuzi mbaya wa kuruka, na kwamba ratiba ngumu kupita kiasi, pamoja na ahadi zilizotolewa kwa waandishi wa habari, zilichangia. Mwaka huo huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia mtoto asiye na leseni kushika usukani katika jaribio la kuweka rekodi.

Jambo jingine la Cheyenne linawahusu sana marubani wa Afrika Mashariki. Uwanja ule uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na joto huifanya nyepesi zaidi: injini hupungua nguvu, pangaboi hushika hewa kidogo, na ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya mabawa kuibeba. Wilson uko karibu mita 1,700, na Arusha karibu mita 1,400. Rubani aliyezoea Mombasa au Dar es Salaam akijaza watu na mizigo ile ile huko juu saa nane mchana, anarusha ndege tofauti kabisa na aliyoizoea. Majedwali ya kukokotoa hilo yamo katika kitabu cha ndege, na kuyasoma hakuchukui muda mrefu.

Miaka mitatu baadaye, usiku wa Julai 16, 1999, John F. Kennedy Mdogo, mtoto wa rais wa zamani wa Marekani, alikufa baharini karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard pamoja na mkewe na shemeji yake. Ndege yake, Piper Saratoga, haikuwa na hitilafu iliyoonekana. Usiku ulikuwa wa giza na ukungu mwepesi, na juu ya maji hakukuwa na mstari wa upeo wa macho. Yeye hakuwa na leseni ya kuruka kwa kutegemea vyombo peke yake. Mkufunzi mmoja alijitolea kwenda naye jioni ile, akajibiwa kwamba anataka kwenda mwenyewe. Rada ilionyesha ndege ikigeuka kulia na kuporomoka kwa kasi kubwa, na NTSB ikahitimisha kuwa rubani alipoteza hisia ya uelekeo.

Hali hiyo haitokani na woga wala uzembe. Sikio la ndani, linalompa binadamu mizani, hudanganyika macho yanapokosa kitu cha kushika: ndege iliyolala upande huhisiwa kuwa imenyooka. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwajaribu marubani 20 wasio na mafunzo ya vyombo, wakiwanyima kuona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Kwa hiyo maneno "nitapenya tu kidogo kwenye wingu" ni hatari hata kwa mtu hodari. Nidhamu hapa ni kugeuza ndege na kurudi wakati ardhi bado inaonekana.

Mafuta nayo yana habari ya aina hiyo. NTSB iliwahi kutoa tahadhari kwamba ndege ndogo zaidi ya 50 kwa mwaka nchini Marekani hupata ajali kwa kuishiwa mafuta au kwa rubani kuchagua tangi lisilo sahihi. Kanuni ya huko inataka akiba ya dakika 30 mchana na 45 usiku, na walioanguka walikuwa wakiijua. Wakufunzi wazuri sasa hufundisha jambo linalokwenda mbele ya kanuni: rubani aandike mipaka yake mwenyewe nyumbani, akiwa ametulia, na aitii uwanjani. Upepo kiasi gani hautamruhusu kuruka, saa ngapi za usingizi ni chache mno, mafuta kiasi gani yatamlazimu kutua. Uamuzi uliofanywa kabla ya abiria kufika na mizigo yao una nafasi kubwa zaidi ya kusimama.

Uchunguzi pia umefundisha kutosubiri vifo. Desemba 1, 1974 ndege ya shirika la TWA iligonga kilima Virginia na kuua watu 92. Ikabainika kuwa wiki chache nyuma marubani wa shirika jingine walikaribia kugonga kilima kile kile kwa kutoelewa maelekezo yale yale, wakaonya wenzao ndani ya kampuni yao tu. Mwaka 1976 ukaanzishwa mfumo wa taarifa za siri chini ya NASA, ambao haumwadhibu mtu. Rubani, hata wa ndege ya viti viwili, akikosea bila kukusudia na kutuma taarifa ndani ya siku 10, kwa kawaida huepushwa na adhabu, na jina lake huondolewa kabla taarifa haijasambazwa.

Si kila pendekezo la wachunguzi hutekelezwa, maana wao hushauri tu, na kutunga kanuni ni kazi ya wengine. Mkanda wa bega ni mfano mzuri. Uchambuzi wa ajali ulionyesha watu wengi wakifa kwa kugonga vichwa kwenye dashibodi katika maanguko ambayo mwili ungeweza kuyahimili. Marekani iliulazimisha kwenye viti vya mbele vya ndege ndogo zilizoundwa baada ya Julai 18, 1978, na kwenye viti vyote kwa zilizoundwa baada ya Desemba 12, 1986. Ndege nyingi za kabla ya hapo bado zinaruka, na humo mkanda wa bega hufungwa pale tu mwenye ndege anapoamua kuugharimia.