Kuzoea Vumbi ya Machimbo

Mama, unasema: «Vumbi tumeshaizoea.» Ni kweli, pua inazoea harufu. Maini nayo inatengeneza kitu cha kufunga sumu fulani ya madini, kama kadmiumu, isichome mwili upesi. Lakini kufungwa si kutoka: kadmiumu inalala ndani ya figo miaka 10 na zaidi, na wewe hausikii kitu.

Mwaka 2018 uchunguzi wa Kasulo, hapa kwetu Kolwezi, ulionyesha kobalti nyingi katika mkojo wa watu kuliko mtaa wa jirani. Kwa watoto tofauti ilizidi. Ndiyo, mtoto anacheza chini, anatia vidole kinywani! Na mwenye kukosa chuma katika damu, tumbo lake linavuta kadmiumu zaidi.

Mwaga maji mbele ya kufagia. Nawisha mtoto mikono mbele ya bukari. Nguo za machimbo baba azivulie inje.