Bangi haibebi mfuko wa saruji

"Muganga, si Rwanda wameshairuhusu bangi? Mbona sisi tunakatazwa, nayo inatupa nguvu ya kazi?"

Juma lililopita niliulizwa tena, Zone Industrielle hapa Bujumbura, na kijana anayepakia saruji. Mabega yake meupe kwa vumbi, kucha ya kidole gumba imeng'oka: mfuko wa kilo 50 ulimponyoka. Alikiri kwamba asubuhi ile alikuwa amevuta. Hayo ni maswali mawili yaliyofungwa kamba moja, na yote yamekosewa.

La Rwanda ni fupi. Amri ya waziri ya Juni 2021 iliruhusu wenye leseni kulima bangi ya kitabibu, iuzwe nje. Ukivuta Kigali bado unakamatwa.

La nguvu ndilo linalonichosha. Msuli unapata nguvu kwenye chakula na hewa; moshi wa bangi hauongezi chochote hapo. Kinachofanya kazi ni THC, kemikali inayoingia ubongoni na kufifisha taarifa za maumivu na uchovu. Dereva akibandika karatasi juu ya taa nyekundu ya oili, je, ameongeza oili? Injini itakufa vilevile, ila yeye hataonywa. Wakati huohuo moyo unaanza kwenda mbio kabla mfuko wa kwanza haujainuliwa, jicho linakosea umbali, mkono unachelewa. Halafu naambiwa, "Ni majani tu, Muganga." Tumbaku nayo ni majani! Ni kweli, zipo dawa zilizotokana na mmea huu: Epidiolex iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina chache za kifafa kikali kinachoanza utotoni. Hiyo ni CBD, kemikali nyingine ya mmea huo, iliyosafishwa; mgonjwa anapimiwa kwa mililita. Msokoto wa karatasi ya daftari haujapimwa na mtu yeyote.

Sasa sheria. Kumwondolea mvutaji kifungo si kuisifu bangi. Ureno, tangu 2001, anayekutwa na kiasi kidogo cha matumizi yake hupelekwa mbele ya tume badala ya mahakama ya jinai. Muuzaji bado anafungwa. Naiunga mkono njia hiyo. Gereza letu la Mpimba lilijengwa kwa ajili ya watu 800 na kwa miaka mingi limebeba zaidi ya mara mbili ya hao. Kijana akitoka humo hajatibiwa, na kazi ameshaipoteza.

Wewe unayevuta, anza kwa kutovuta siku za kazi, na ukivuta usiguse usukani wala mashine. Majuma mawili ya mwanzo usingizi utakusumbua na hasira zitakuwa karibu, lakini hayo hupita. Ukisikia sauti za watu wasiokuwepo, nenda siku hiyohiyo kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge.

Nanyi wenye maghala, wapeni vijana maji, chakula cha mchana na muda wa kupumzika. Mfuko wa kilo 50 ubebwe na wawili, au nunueni mikokoteni.