Upokezi wa Sanaa ya Wangechi Mutu: Nguva, Kikapu na Mtazamaji

Nadharia ya upokezi, iliyoshika kasi nchini Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1960 kupitia kazi za Hans Robert Jauss, hushikilia kuwa maana ya kazi ya sanaa haikamiliki mikononi mwa mtunzi. Mpokezi huijia kazi akiwa na upeo wake wa matarajio, na maana huzaliwa pale upeo huo unapokutana na kazi, aghalabu kwa kugongana nayo. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuitumia nadharia hii katika riwaya na ushairi. Makala haya yanaielekeza kwenye sanaa ya macho, hususan kazi za Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972.

Mutu hukata picha za majarida ya mitindo, ya pikipiki na ya wanyama, kisha huzibandika pamoja na wino na rangi kali hadi uzuke mwili wa mwanamke ambaye hayupo popote duniani. Rangi humwita mtazamaji kutoka mbali. Akikaribia, hukuta jeraha. Hapo ndipo wengi hukasirika na kusema kwamba msanii anamdhalilisha mwanamke. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo ni ya haraka mno. Ukataji huo ulikwisha kufanywa na majarida yenyewe, yanayouza mdomo peke yake na mguu peke yake. Mutu anauweka wazi tu. Wasomaji waliozoea uhalisia walilalamika vivyo hivyo walipokutana na Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi.

Mwaka 2014 Mutu alifanya maonyesho jijini London katika jumba la Victoria Miro, akayapa jina la Kiswahili: Nguva na Nyoka. Kwa mgeni, jina hilo ni sauti tu. Kwetu ni matini kamili hata kabla ya kuitazama picha. Nguva ni mnyama wa baharini anyonyeshaye, mla nyasi za baharini, aliyekuwa adimu sasa katika pwani yetu. Katika masimulizi ni kiumbe nusu mwanamke, nusu samaki. Hata hivyo, tusijisifu upesi. Mwanafunzi wa Kabianga aliyelelewa kati ya mashamba ya chai amemjua nguva kwa kamusi. Kuijua lugha si lazima kuwe kuujua upeo wa wenye bahari.

Mambo hugeuka tunapofika kwenye The End of Carrying All, video iliyohuishwa kwa kompyuta na kuonyeshwa Venice mwaka 2015. Mwanamke anatembea nyikani na kikapu kichwani. Kila hatua mzigo unaongezeka, vyombo na majengo yakirundikana juu yake, mgongo ukipinda, hadi yeye na mzigo wanakuwa donge moja linalomezwa na ardhi. Usomaji uliozoeleka huliona hilo kuwa onyo juu ya ulaji uliokithiri na uharibifu wa mazingira, na usomaji huo una mashiko.

Lakini Kericho na Bomet kikapu si ishara ya kubuni. Hapa hubebwa mgongoni, na ujira hupimwa kwa kilo za majani zilizomo. Mwezi Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho na watu waliozilaumu kwa kuwanyima vibarua. Mtazamaji atokaye katika nyumba ya mchumaji huenda asiushangilie mwisho wa kubeba. Anachokihofia ni asubuhi ambayo kikapu kitakuwa kimetundikwa ukutani, kikavu, na hakuna aliyeitwa shambani.