Wayahudi nyuma ya mitambo ya hip-hop

Hip-hop ilizaliwa na vijana weusi na wenye asili ya Karibiani na Puerto Rico katika mitaa ya Bronx, New York, miaka ya 1970, na ukweli huo haupungui hata chembe mtu anapoutaja mchango wa Wayahudi, ambao kwa kawaida huelezwa kwa kuwatazama Beastie Boys, vijana watatu wenye asili ya Kiyahudi ambao albamu yao, Licensed to Ill, iliyotoka 1986, ilikuwa ya kwanza ya rap kushika namba moja katika chati ya albamu ya Billboard. Hata hivyo, kazi nzito zaidi ilifanyika kwenye mitambo, mbali na kipaza sauti.

Mwaka 1984 Rick Rubin, mwanafunzi Myahudi wa Chuo Kikuu cha New York, alikuwa akiiendesha Def Jam, lebo yake ya muziki, kutoka chumba chake cha bwenini, kabla ya kushirikiana na meneja wa wasanii wa rap Russell Simmons. Santuri nyingi za rap za awali zilipigwa na bendi za kukodiwa, ilhali kwenye sherehe mfokaji alifuata mdundo ambao DJ aliukatakata kwa santuri mbili, na Rubin alitaka mnunuzi ausikie ukali huohuo wa ukumbini. Katika Radio, albamu ya LL Cool J ya mwaka 1985, aliondoa karibu kila kitu, akabakiza mashine ya ngoma, mikwaruzo ya santuri na sauti ya kijana aliyekuwa bado hajafikisha miaka ishirini. Ujasiri huo wa kupunguza ndio mchango wake mkubwa kuliko mauzo yote yaliyofuata.

Upande wa fedha haukuwa safi hivyo. Mfokaji Ice Cube alijitoa katika kundi la N.W.A. mwaka 1989 kwa mgogoro wa malipo, na miaka miwili baadaye, katika wimbo No Vaseline, alimshambulia meneja wa kundi hilo, Jerry Heller, kwa kuutaja Uyahudi wake. Msanii ana haki kamili ya kudai jasho lake, na historia ya wasanii weusi kupunjwa Marekani ni ndefu na chungu, lakini deni la mtu mmoja haligeuki kuwa deni la kabila zima, na waliolaani wimbo huo walikuwa na sababu.

Ushirikiano wenyewe haukukatika. Mwaka 1998 Remedy, mfokaji Myahudi kutoka Staten Island, alitoa Never Again, wimbo kuhusu maangamizi ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, ndani ya albamu ya pamoja ya wasanii wa kundi la Wu-Tang, ambamo maombolezo hayo yalisikilizwa na vijana ambao huenda wasingeyatafuta kwingine.