Umaarufu hauivishi chakula: Celebrity MasterChef ni mashindano gani?

Nchini Uingereza, mashindano ya runinga ya Celebrity MasterChef, yanayorushwa na BBC tangu mwaka 2006, huwaingiza jikoni wanamichezo, waigizaji na wanamuziki ambao upishi si kazi yao. Kila mshiriki hupika kwa muda uliopangwa, kisha majaji huonja na kuamua nani aendelee na nani aage mashindano. Baadhi ya majaribio hufanyika katika mikahawa halisi, ambako wateja husubiri chakula chao bila kujali aliyekipika ni nani.

Hapo umaarufu haumsaidii mtu. Greg Rutherford, mshindi wa dhahabu ya kuruka chini katika Olimpiki ya mwaka 2012, ilimbidi ajifunge aproni na kushindana upya hadi akatwaa ubingwa wa mwaka 2019. Kwa mwigizaji Lisa Faulkner, ubingwa wa mwaka 2010 ulimfungulia njia ya kuandika vitabu vya mapishi.

Mwaka 2025, aliyepimwa alikuwa jaji mwenyewe. Uchunguzi ulioagizwa na watayarishaji wa MasterChef ulithibitisha madai 45 kati ya 83 dhidi ya Gregg Wallace, mengi yakihusu lugha na mizaha ya kingono, na akafutwa kazi. Mengi ya matukio hayo yalitokea kati ya mwaka 2005 na 2018. Watazamaji waliona sahani zilizopambwa. Waliofanya kazi nyuma ya kamera walingoja miaka mingi kusikilizwa.